Tuwalee vijana wetu kuvuka vikwazo

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akampa mwili wa kufanyia kazi na moyo wa kustahamilia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi hulihesabu kuwa ni mchezo tu wa watoto, nalo ni mazoezi ya kuvuka vikwazo: kukimbia, kutambaa, kupanda, kuruka, kutembea juu ya gogo na kubeba mzigo, kituo baada ya kituo, mpaka mwisho wa njia. Rai yetu ni kwamba mazoezi haya, yakipangwa kwa hekima, ni sehemu ya malezi. Shabaha yake si kumfanya kijana awatambie wenzake, bali awe mtu wa kutegemewa siku ya shida. Mfano wetu tutauchukua Kigongo, mahali ambapo kila msafiri wa Kanda ya Ziwa anapafahamu.

Kigongo ya kivuko, Kigongo ya daraja

Kigongo iko katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria. Ng'ambo yake ni Busisi, wilaya ya Sengerema. Kwa miaka mingi msafiri wa kwenda Sengerema au Geita aliyeshika njia hii hakuwa na budi kusimama hapa na kungoja kivuko. Aliyekikosa alisubiri saa nzima au zaidi. Mgonjwa alisubiri, mwenye samaki wabichi alisubiri, na maiti aliyekuwa akipelekwa kuzikwa kwao naye alisubiri.

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2020. Lina urefu wa takriban kilomita 3, na gari linalivuka kwa dakika chache. Hii ni neema, na haki ya neema ni kushukuriwa.

Hata hivyo, kila kikwazo kinapoondolewa kwa chuma na zege, mzazi mwenye kuona mbali hana budi kujiuliza: mtoto wetu atajifunzia wapi uvumilivu? Babu yake alipiga kasia, akavuta nyavu, akapanda majabali ya Usukuma akichunga ng'ombe. Yeye anapelekwa shule kwa bodaboda, na jioni ameinamia simu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 katika wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2019 kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Ugonjwa huu wa kukaa si wa Ulaya na Marekani peke yake. Umekwishabisha hodi katika miji yetu, na barabara nzuri huufikisha hata vijijini.

Tena ziwa halikuondoka. Limebaki pale pale chini ya daraja, na wavuvi wanaliingia kila usiku. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, ikapoteza mamia ya roho. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafariki zaidi ya watu 220. Tunawaombea marehemu wote wa Kiislamu maghfira, na wafiwa wote subira. Kwa familia inayoishi kando ya maji kama hayo, kijana mwenye mwili mkakamavu na akili isiyopapatika si pambo la nyumba. Huenda siku moja akawa ndiye tofauti kati ya uhai na msiba.

Nguvu katika mafundisho ya dini yetu

Baadhi ya watu hudhani kwamba uchamungu ni unyonge, na kwamba kijana wa madrasa yampasa awe mpole hadi asiweze kunyanyua ndoo. Huo sio mwongozo wa Mtume (S.A.W.). Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ametufahamisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni mbora na hupendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Kisha akahimiza mtu apupie lenye manufaa, amtake Allah msaada, wala asikate tamaa. Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii, alieleza kuwa nguvu inayokusudiwa ni azma ya nafsi katika mambo ya Akhera, ile inayomfanya mtu awe mwepesi wa kutoka kwenye wajibu na mwenye subira juu ya maudhi. Kwa hiyo mwili ni chombo, nahodha ni moyo.

Qur'an Tukufu nayo inaziunganisha nguvu na sifa nyingine, haikuziacha peke yake. Katika Suratul Baqara, aya ya 247, Talut anatajwa kuwa alizidishiwa wasaa wa elimu pamoja na wa mwili. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, yule binti wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.) kwa sababu mbili: ana nguvu, na ni mwaminifu. Naye alizijuaje sifa hizo? Alimwona mgeni aliyechoka na safari, asiye na chakula wala makazi, akiwanyweshea maji wanyama wao bila ya kuombwa ujira, kisha akaenda kukaa kivulini akimwomba Mola wake.

Turudi kwa Talut. Alipotoka na jeshi lake, mtihani wa kwanza waliopewa haukuwa wa upanga, ulikuwa wa maji. Aya ya 249 ya sura hiyo hiyo inatueleza kuwa walijaribiwa kwa mto: atakayeyanywa si katika wao, isipokuwa mwenye kuteka kiasi cha kitanga cha mkono. Wengi walikunywa, wachache wakajizuia, na hao wachache ndio waliomkabili Jalut. Hapa ipo siri kubwa ya ukakamavu wa akili. Mwenye misuli ni wengi. Mwenye kuiambia nafsi yake "ngoja" ni wachache. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Bukhari na Muslim, alisema kuwa shujaa si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake pale anapoghadhibika.

Kikwazo kinamfunza nini mtoto?

Wenye kuandaa njia za vikwazo wamekuwepo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Georges Hébert, alieneza mazoezi ya kukimbia, kupanda, kubeba, kutambaa na kuogelea, na aliyajengea msingi mmoja: kwamba mtu atafute nguvu ili awe na manufaa kwa wengine. Hapa kwetu, vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, wanakumbuka vyema kuvuka vikwazo alfajiri na mapema. Na katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2028 mjini Los Angeles, mbio za vikwazo zitachukua nafasi ya farasi katika mchezo wa mapigano matano ya kisasa.

Wanamichezo wetu wenyewe wametuachia somo. Medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata ni mbili tu, zote za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Moja aliileta Suleiman Nyambui, mwana wa Majita katika mwambao huu huu wa Ziwa Victoria, katika mbio za mita 5000. Nyingine aliileta Filbert Bayi katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, ambamo mkimbiaji huruka viunzi 28 na dimbwi la maji mara 7. Bayi aliongoza sehemu kubwa ya mbio zile, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Mtu aliyepitwa akiwa amechoka, huku mbele yake vingali vipo viunzi, ana vishawishi vingi vya kulegea. Yeye aliendelea kuruka hadi mwisho, na nchi ikapata medali.

Ndivyo kikwazo kinavyofunza. Mtoto anapofika mbele ya ukuta unaomtisha, moyo humwenda mbio na magoti humlegea. Akisaidiwa kuupanda ukuta mfupi leo, na mrefu kidogo wiki ijayo, mwili wake unajifunza kwamba hofu ni kengele ya kumzindua tu, nayo haina amri juu yake. Hapati ujasiri kwa kuambiwa "usiogope", anaupata kwa kuogopa na kuvuka, mara nyingi, kwa vipimo vinavyopanda taratibu. Kwa upande wa viungo, kutambaa kunaimarisha mabega na kiuno, kuruka kunaipa mifupa nguvu, kutembea juu ya gogo kunamfundisha mizani, na kubeba kunakaza mgongo. Mpira wa miguu, pamoja na uzuri wake, hauigusi mikono na mabega kwa kiasi hicho.

Njia ya vikwazo ya gharama ndogo

Madrasa, shule au familia chache zilizo jirani haziitaji fedha nyingi. Mwambao wa ziwa una kila kitu. Tunapendekeza vituo saba katika uwanja wa mchanga au nyasi.

Kituo cha kwanza ni matairi chakavu ya gari yaliyolazwa chini kwa safu mbili, mtoto ayapite mbio akiweka mguu mmoja katika kila tairi. Cha pili ni wavu wa uvuvi uliochakaa, uliokazwa kwa vigingi kimo cha goti, atambae chini yake. Wavu ukazwe barabara, usining'inie ukamnasa mtoto shingoni. Cha tatu ni gogo lililolazwa juu ya mawe mawili yasiyotikisika, alivuke bila kugusa ardhi. Cha nne ni viunzi vya miti visivyozidi kimo cha kiuno cha mtoto, kijiti cha juu kikae bila ya kufungwa ili kidondoke kikiguswa. Cha tano ni kamba ya katani yenye mafundo, apande kwa mikono na miguu, na chini pawe na mchanga mwingi. Cha sita ni kubeba: ndoo mbili za maji zisizojaa, au mfuko wa mchanga unaolingana na umri, kwa hatua thelathini.

Kituo cha saba ndicho tunachokipa uzito, na kinaifaa Kigongo kuliko mahali pengine popote. Ni kamba ya mita 15 iliyofungwa kwenye dumu la lita 5 lenye kizibo kilichokazwa na maji kidogo ndani ili liwe na uzito wa kurushika. Mwenzake mmoja hukaa mbali juu ya mchanga, akijifanya anazama. Kijana aliyekwishachoka kwa vituo sita afike hapo akihema, alale kifudifudi au ashike kitu imara, arushe dumu lipite begani kwa mwenzake, kisha amvute polepole.

Kwa nini tunamfundisha kurusha, badala ya kumfundisha kujitosa? Kwa sababu mtu anayezama humkumbatia yeyote anayemfikia, na mara nyingi huzama wote wawili. Ndugu humfuata ndugu, na nyumba moja huchimba makaburi mawili. Mwenye kutoa msaada kutoka nchi kavu, kwa kamba, kasia, tawi au dumu, huokoa bila kuongeza msiba. Kujizuia usiruke majini huku ndugu yako anapiga kelele ni kazi ngumu kuliko kupanda ukuta wowote. Huo ndio mto wa Talut kwa watoto wa ziwani: nguvu zipo, na nafsi imeshikwa.

Saa ya kupimia muda itumike, lakini kila mtoto ashindane na muda wake wa wiki iliyopita. Wakigawanywa makundi, muda wa kundi uwe ni wa yule anayefika mwisho. Hapo utawaona wenye mbio wakirudi nyuma kumshika mkono aliye mzito, kwa sababu ushindi wao uko kwake.

Tahadhari kwa walezi

Dini yetu haikubali kujidhuru wala kudhuru. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Abdullah bin Umar (R.A.) anasimulia kuwa alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14 hakuruhusiwa, na siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 akaruhusiwa. Ikiwa Mtume (S.A.W.) alimrudisha kijana mwenye shauku kwa sababu ya umri wake, sisi ni nani wa kumtwika mtoto wa miaka 8 mzigo wa mtu mzima?

Kwa hiyo watoto wagawanywe kwa umri. Wanyooshe viungo kabla, wanywe maji kabla na baada, wapumzike angalau siku moja kati ya mazoezi mazito. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri jua linapopoa, na wamalize kwa nafasi ya kutosha kutawadha na kuidiriki Magharibi. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wapunguziwe.

Afya nayo iangaliwe. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto mwenye maradhi hayo, au mwenye pumu au tatizo la moyo, asiingizwe katika mazoezi mazito kabla ya daktari kutoa ushauri. Apewe kazi ya kushika saa au kurusha dumu, wala asitengwe. Vilevile njia ya vikwazo isiingizwe katika maji ya kando ya ziwa. Humo kwenye majani na konokono ndimo wanamokaa vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi, na sehemu nyingine mna mamba. Kuogelea ni ujuzi mwema, na wazee wetu wananasibisha kwa Sayyidna Umar (R.A.) wasia wa kuwafundisha watoto kuogelea, lakini kufundishwe na mjuzi, mahali palipothibitishwa kuwa salama.

Jambo la mwisho katika tahadhari ni ulimi na bakora. Mtoto aliyegoma mbele ya kamba asichekwe, kwani Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na anatuhadithia kuwa hakuwahi kuguniwa hata mara moja. Fimbo humfanya mtoto aivuke kamba leo, kisha aichukie maisha yake yote.

Mabinti wasisahauliwe

Tunajua kwamba wapo wazazi watakaosoma makala haya wakiwafikiria wavulana tu. Tuwakumbushe kuwa Mama Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda, na baadaye akashindwa, kama alivyopokea Abu Daud. Na kila Muislamu anayehiji, mwanamume kwa mwanamke, hufuata nyayo za Bibi Hajar, mama aliyehangaika mara saba baina ya Safa na Marwa akimtafutia maji mwanawe. Kama asingekuwa na miguu ya kwenda na moyo wa kutokata tamaa, angeketi tu na kulia.

Mabinti wapangiwe wakati wao na mwalimu wao wa kike, katika ua uliositirika. Wavae suruali pana chini ya vazi refu lisilokanyagika, na mtandio uliofungwa vizuri usio na ncha za kuning'inia. Binti huyu ndiye atakayekuwa na watoto wadogo ufukweni siku baba yuko ziwani. Naye anahitaji kulijua dumu na kamba.

Mlima ulio mbele yetu

Ndugu wasomaji, katika Suratul Balad Allah (S.W.) anatueleza kuwa mwanadamu ameumbwa katika taabu. Kisha anaitaja Aqaba, yaani njia ya mlimani yenye kupandika kwa mashaka, na anatusaili kama tunajua ni nini. Jibu linalofuata halitaji miamba wala kamba. Kuipanda Aqaba ni kumkomboa mtumwa, na kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au masikini aliye hoi vumbini, kisha kuwa miongoni mwa walioamini, wakausiana subira na wakausiana huruma.

Hicho ndicho kikwazo cha kweli. Matairi, magogo na nyavu za Kigongo ni mazoezi ya kukiendea. Kijana anayeweza kubeba ndoo mbili apelekwe kwa ajuza jirani asiye na wa kumtekea maji. Anayeweza kukimbia atumwe kumwita daktari. Aliyezoea kurudi nyuma kumshika mkono wa mwisho atamkumbuka yatima darasani. Nguvu isiyokwenda kwa mtu mwenye haja ni fahari tupu, na fahari haimvushi mtu Aqaba.

Tunawasihi wazazi, maimamu na walimu wa madrasa za mwambao wa ziwa waanze hata na vituo vitatu, hata na watoto kumi. Kamba haitachelewa kupatikana, na madumu yamejaa majumbani.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu miili yenye afya na nyoyo zenye subira, awahifadhi wasafiri na wavuvi wa ziwa letu, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye nguvu na waaminifu. Amin.